Bamba Lichaguliwe kwa Moto Wake

Miongoni mwa vitu ambavyo viwanda vyetu hununua kwa fedha nyingi na maarifa haba, bamba la feleji isiyoshika kutu litumikalo mahali pa moto mkali halikosi kutajwa. Mwenye tanuri la kuchomea chokaa, mhandisi wa boila katika kiwanda cha sukari, msimamizi wa tanuri la saruji, na fundi mwenye karakana ndogo aundaye majiko ya mikate, wote hufika dukani siku moja au nyingine wakiwa na haja ya bamba ambalo halitaliwa na moto. Na aghalabu wote huuliza swali moja tu, yaani bei yake ni kiasi gani, kisha wakaridhika na jawabu lolote mradi bamba lenyewe linang'aa. Nasaha zangu katika makala hii ni kwamba swali hilo la bei litanguliwe na jingine lililo kubwa zaidi: moto wenyewe ukoje? Hapana bamba lililo bora kwa kila moto. Lipo bamba lililo bora kwa moto fulani, na bamba hilo hilo likawa hasara tupu katika moto mwingine.

Feleji hii, ambayo katika karakana zetu huitwa stenlesi, ilijulikana kwa sura yake ya leo katika miaka ya 1912 na 1913, wakati wataalamu wa kampuni ya Krupp mjini Essen, Ujerumani, walipochanganya chuma na kromi na nikeli, na Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akaona kuwa kromi ikizidi kiasi fulani kutu hushindwa. Kiasi hicho leo huhesabiwa kuwa asilimia 10.5 kwa uchache. Siri yake ni utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaotokana na kuungana kwa kromi na oksijeni ya hewani, nao hujirudisha wenyewe kila unapokwaruzwa. Penye moto mkali utando huo huongezeka unene hata ukawa gamba la rangi ya kijivu ama nyeusi, na hapo ndipo ubora wa feleji unapodhihirika. Kwani gamba jembamba lililoshikamana hulinda kilicho chini yake, ilhali gamba nene lenye kubanduka ni chuma chenyewe kinachotoweka kidogo kidogo. Chuma cheusi cha kawaida kikipita digrii 550 hivi za Selsiasi huanza kubanduka tabaka baada ya tabaka, lakini feleji yenye kromi ya asilimia 25 huweza kustahimili digrii elfu moja na zaidi.

Basi swali la kwanza ni hili: chuma chenyewe kitapata hari kiasi gani? Nasema chuma, sisemi moto. Ndani ya tanuri la saruji mawe hupikwa hata yakafikia digrii 1450 hivi ndipo yawe klinka, na hapana bamba la feleji liwezalo kukaa wazi katika hari hiyo. Lakini bamba lililo nyuma ya matofali ya moto, au lililo mbali na ndimi za moto, hupata hari iliyo ndogo kwa mamia ya digrii. Anayenunua kwa kufuata hari ya moto hulipa fedha asizostahili kulipa, na anayenunua kwa kukisia hulipa mara mbili. Njia ya haki ni kufunga kipima hari kiitwacho themokapo, cha aina ya K, juu ya chuma chenyewe, kikasomwa kwa siku kadhaa wakati kazi imepamba moto na wakati imepungua. Asiyekuwa nacho atazame rangi ya chuma gizani: wekundu uliofifia ni dalili ya digrii 600 hadi 700, wekundu wa kukolea ni kama 800, rangi ya chungwa huwa karibu na 950, na rangi ya manjano ni 1100 au zaidi. Jicho hata hivyo hudanganyika, hasa penye mwanga wa jua, kwa hiyo rangi iwe mwanzo tu wa kujua, isiwe ndiyo hukumu.

Swali la pili ni kama hari hiyo ni ya kudumu au ni ya kuja na kwenda. Jambo hili wengi hawalitii maanani, nalo ndilo lenye kuua mabamba mengi. Feleji yenye nikeli nyingi ikipoa husinyaa kuliko linavyosinyaa gamba lililo juu yake, kwa hiyo gamba hupasuka na kuanguka, na chuma kilichobaki uchi hutengeneza gamba jipya moto unapowashwa tena. Tanuri la mkate liwashwalo alfajiri na kuzimwa adhuhuri, kila siku ya Mungu, huliadhibu bamba lake kuliko tanuri kubwa liwakalo miezi mfululizo. Ndiyo sababu vitabu vya wahandisi huweka hesabu mbili kwa kila daraja la feleji, nalo hutajwa kwa namba. Feleji ya 304, yenye kromi ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 au zaidi kidogo, hustahimili katika hewa safi digrii 925 ikiwa hari ni ya kudumu, na 870 tu ikiwa ni ya kuja na kwenda. Ile ya 309S, yenye kromi ya asilimia 22 hadi 24 na nikeli ya asilimia 12 hadi 15, huhesabiwa 1095 na 980. Na ile ya 310S, yenye kromi ya asilimia 24 hadi 26 na nikeli ya asilimia 19 hadi 22, huhesabiwa 1150 na 1035. Mwenye hekima huacha nafasi ya digrii hamsini au mia chini ya hesabu hizo, kwa kuwa hewa ya tanuri si safi kama hewa ya maabara.

Hapo ndipo tunapofikia swali la tatu, nalo ni juu ya gesi inayolizunguka bamba. Nikeli, ambayo katika hewa safi ni rafiki mwaminifu wa feleji, hugeuka kuwa udhaifu wake penye kiberiti kingi na hewa haba. Kwa sababu nikeli ikiungana na kiberiti huzaa mchanganyiko unaoyeyuka katika digrii 645 tu, na bamba lililotazamiwa kudumu miaka likaoza kutoka ndani. Anayechoma makaa ya mawe au mafuta mazito na ajihadhari na jambo hilo, na mwenye mafuta mazito aongeze hadhari nyingine, kwani majivu ya baadhi ya mafuta hayo yana vanadi, na majivu ya namna hiyo huyeyuka karibu na digrii 700 na kulifuta gamba lenye kulinda. Mahali kama hapo yafaa kwanza kurekebisha moto, upate hewa ya kutosha. Na ikiwa haiwezekani, itafutwe feleji ya kromi nyingi isiyo na nikeli, kama ile ya 446, ingawa nayo ina kasoro zake, kwa kuwa hulegea upesi ikibebeshwa mzigo penye hari, na ikipoa baada ya kutumika huwa tete mno.

Swali la nne ni la mzigo. Bamba linalokinga tu, kama pazia la kuzuia ndimi za moto, halina kazi sawa na bamba linalobeba rafu ya tanuri ama kuning'iniza mamia ya kilo. Chuma kilichobeba uzito penye hari kali hurefuka polepole, pasipo kishindo, siku baada ya siku, hata kikakatika chini ya mzigo ambao kingeubeba kwa urahisi mkubwa kama kingekuwa baridi. Kaboni kidogo husaidia kuuzuia urefukaji huo, na ndiyo maana ipo feleji ya 304H, ambayo kaboni yake hutakiwa iwe baina ya asilimia 0.04 na 0.10. Kinyume chake ni 304L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, nayo ni feleji njema kwa matangi ya maziwa na mitambo ya dawa, walakini wauzaji wengine huisifu kuwa ni bora kuliko zote, na mnunuzi akaipeleka katika boila ambako wema wake hauna kazi na udhaifu wake ndio unaotafutwa na moto.

Baada ya maswali hayo manne yafaa nimtahadharishe msomaji juu ya kosa la mwenye fedha, ambalo ni kununua kilicho cha juu kabisa kwa kudhani kuwa hapo amejilinda. Feleji ya 310S ikikaa muda mrefu katika hari ya baina ya digrii 650 na 900 hubadilika ndani yake. Kromi hujikusanya pamoja na chuma ikafanya chembe ngumu, na bamba, ambalo wakati wa moto halionyeshi dalili yoyote, huwa tete tanuri linapozimwa. Fundi akilipiga nyundo ili kulinyoosha, lapasuka kama kigae. Kwa hiyo mwenye tanuri la digrii 700 asiyekuwa na kiberiti wala mzigo mkubwa mara nyingi ataona nafuu katika 304H, iliyo rahisi kwa bei kwa kuwa nikeli yake haifiki nusu ya ile ya 310S. Na aliye baina ya digrii 850 na 1100 hana budi kulinganisha 310S na ile iitwayo 253MA, yenye kromi ya asilimia 21 na nikeli ya asilimia 11, iliyotiwa naitrojeni ili kuipa nguvu na seri kidogo ili gamba lake lishikamane wakati wa kupoa. Daraja hili la mwisho ni jema hasa kwa matanuri yawashwayo na kuzimwa, ijapokuwa si kila muuzaji wa pwani yetu huliweka ghalani.

Tukishajua tunachokitaka, tujue namna ya kukipata. Sumaku ambayo mafundi hutembea nayo mfukoni ina faida ndogo kuliko sifa zake: itakuepusha na chuma cheusi na feleji isiyo na nikeli, lakini haitakwambia kama bamba ni 304 au 310S, kwa kuwa zote mbili hazivutwi. Vibaya zaidi, iko feleji ya 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imeondolewa na manganizi kutiwa mahali pake, nayo pia haivutwi na sumaku, nayo pia inang'aa. Mtegemee karatasi, msitegemee mng'aro. Kila bamba la halali hutoka kiwandani likiwa limepigwa chapa ya daraja lake, ya unene wake na ya namba ya myeyusho, na huandamana na cheti cha kiwanda. Kile ambacho kwa taratibu za Ulaya huitwa cheti cha 3.1 cha EN 10204 huonyesha vipimo vya myeyusho ule ule uliotoa bamba lako. Ishike karatasi kwa mkono mmoja na usome chapa ya bamba kwa macho yako mwenyewe: namba ya myeyusho iwe moja, na kwa 310S kromi isipungue 24, nikeli isipungue 19, kaboni isizidi 0.08. Bamba likiwa limekatwa na chapa imepotea, sharti lipimwe kwa kile chombo cha mkononi kitumiacho eksirei, ambacho husema asilimia za madini kwa nukta chache. Na asiyejua pa kukipata aulize katika taasisi za viwanda na viwango za nchi yake, kama TIRDO na TBS kwa walio Tanzania, au KIRDI kwa walio Kenya. Tena bamba lipimwe unene na uzito: mita moja ya mraba ya unene wa milimita 10 ina karibu kilo 79, na upungufu mkubwa wa hapo ni fedha uliyoitoa pasipo kupewa kitu.

Karakanani nako kuna adabu zake. Feleji hii haikatwi kwa gesi ya oksijeni na asetilini kama chuma cheusi, kwa sababu kromi huzuia mwako wa kukata. Hutakiwa mashine ya plazma, au grainda yenye diski ambayo haijagusa chuma kingine, kwani vumbi la chuma cheusi likizama juu ya uso wake huota kutu. Ikitobolewa, keekee iwe kali, mwendo uwe wa polepole na mkandamizo uwe thabiti. Ukiiacha keekee izunguke bila kukata, uso hugumuka papo hapo na kila keekee itakayofuata huteketea ncha. Katika kuchomelea 310S kwa 310S, tumia elektrodi ya E310, usitumie iliyobaki koponi kutoka kazi nyingine. Joto liwe la wastani, mshono uwe mwembamba na wa kwenda mbele bila kutandazwa sana, na kila mwisho wa mshono kishimo kijazwe kabla moto haujaondolewa, kwa maana hapo ndipo ufa mdogo wa mfano wa nyota huzaliwa, na tanuri litaukuza. Rangi, grisi na chaki yenye madini visuguliwe vikatoka. Na juu ya yote, zinki isikaribie: zinki huyeyuka katika digrii 419, na ikigusa feleji yenye nikeli iliyo katika hari kali hupenya baina ya chembe zake na kuipasua. Waya wa mabati uliotumika kufungia kipande cha tanuri kwa siku moja tu watosha kuiharibu kazi ya mwezi mzima.

Moshi wa kuchomelea usipuuzwe. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliutia moshi huo mwaka 2017 katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu, na moshi wa feleji hii una kromi na nikeli ndani yake. Mwenye karakana ambaye hampatii fundi wake barakoa inayofaa na feni ya kutoa moshi amekosa insafu, hata akimlipa ujira mzuri.

Jambo la kufunga bamba mahali pake lastahili maneno zaidi, maana hapo ndipo kazi nzuri huharibika kwa kukosa hesabu ya dakika mbili. Feleji hii hutanuka kuliko chuma cheusi, yapata sehemu 18 katika kila milioni kwa kila digrii moja. Chukua bamba la mita moja, lipashe digrii 900 juu ya hari ya kawaida, nalo litarefuka milimita 16. Likiwa la mita tatu, litarefuka karibu milimita 50. Urefu huo hauna mahali pa kwenda kama umelibana pande zote mbili kwa bolti au kwa mshono, basi bamba hujikunja, huvunja mishono yake, au husukuma matofali ya moto yakaanguka. Katika viwanda vya saruji, kama vile vya Bamburi, Wazo na Tanga, unga wa mawe hupashwa kwanza katika saikloni, yaani vyombo vya mfano wa faneli ambamo gesi huzunguka, kabla ya kuingia tanurini, na katika saikloni za chini gesi hufika digrii 800 na zaidi. Bomba linaloning'inia ndani ya saikloni ya namna hiyo aghalabu huundwa kwa vipande vingi vilivyopachikana, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kucheza, wala si mwili mmoja uliochomelewa kuzunguka. Hali kadhalika vile vyuma vya umbo la V vinavyoshika zege la moto: ncha zake hupakwa lami au kuvikwa kofia za plastiki kabla zege halijamiminwa, ili lami au plastiki ikiungua chuma kipate upenyo wa kutanukia. Mwenye karakana ndogo aige mafunzo hayo makubwa: bamba lining'inizwe kwa juu na kuachwa huru chini, matundu ya bolti yawe marefu kuelekea upande wa kutanuka, na pembe za mraba zifanywe mviringo, kwa kuwa ufa hupenda pembe.

Mwisho kuna utunzaji. Mabamba yawekwe juu ya mbao, mbali na chuma cheusi na mabati, na walio karibu na bahari wayafunike, kwa maana chumvi ya upepo huacha madoa hata juu ya feleji njema. Kila tanuri lizimwapo kwa matengenezo, unene wa bamba upimwe mahali pale pale palipopimwa mara iliyopita na hesabu iandikwe daftarini pamoja na tarehe; gamba lililoanguka sakafuni likusanywe na kutazamwa, kwa kuwa likiwa jembamba na la kijivu mambo ni salama, na likiwa nene lenye tabaka na uwekundu wa kutu bamba limeshindwa na hari yake. Mishono isafishwe na kukaguliwa kwa rangi ya kupenya ionyeshayo nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi hii ukuta wenyewe ni tanuri zima kusimama, wafanyakazi kukaa bure, na bidhaa kukosekana sokoni. Bamba la zamani lisinyooshwe kwa nyundo likiwa baridi. Lipashwe kwanza, au libadilishwe.

Ndugu msomaji, kabla hujatoka kwenda dukani chukua karatasi, uandike juu yake mambo manne: hari ya chuma chenyewe, namna hari hiyo inavyokuja na kuondoka, gesi inayolizunguka bamba, na mzigo litakaoubeba. Mpe muuzaji karatasi hiyo, umwombe cheti kabla ya bei, usome chapa, upime unene. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali, kwani ndiyo yanayomtenga na mlaghai. Asiyependa kuulizwa, mwachie bamba lake.